Diski Inapogonga: Sauti za Wazee Wetu Zinalindwa na Nani?

Katika idara zetu za Kiswahili, mjadala kuhusu tarakilishi aghalabu huishia kwenye msamiati. Tumebishana kwa miaka mingi iwapo tuseme tarakilishi au kompyuta, kipakatalishi au kompyuta mpakato, diski kuu au diski ngumu, na kila kambi imeleta hoja zake. Mjadala huo una manufaa yake, nami siupuuzi. Hata hivyo, tukiwa bado tunabishana kuhusu jina la diski, diski zenyewe zinakufa, na zinakufa zikiwa na mali isiyoweza kununuliwa tena. Mali hiyo ni rekodi za fasihi simulizi ambazo wanafunzi wa uzamili na uzamifu wamezikusanya nyanjani. Makala haya yanadai kwamba kuzihifadhi rekodi hizo na, inapobidi, kuziokoa kutoka kwenye diski inayougua ni sehemu ya taaluma yetu ya fasihi. Tumeiacha kazi hii mikononi mwa fundi wa mjini kwa muda mrefu mno.

Kisa kimoja kitaifafanua hoja yangu. Kilitokea katika eneo ninalolifahamu, baina ya Kitale na Bungoma. Mwenzetu mmoja alikuwa akitafiti kumuse, ile hotuba ya maombolezo ambayo Wabukusu humtolea mzee wa heshima baada ya maziko yake. Alikuwa akiishi Kitale, na kila alipopata habari za matanga alipanda matatu, akapita Kiminini na Kamukuywa, akaingia Bungoma kwenda Kimilili, Chwele au Sirisia. Alipomaliza kazi ya nyanjani alikuwa na rekodi za saa nyingi, zote ndani ya kipakatalishi kimoja. Siku moja kipakatalishi kikaanza kuwa kizito. Kufungua faili moja kukachukua dakika nzima, kisha ukasikika mlio wa kugonga ndani yake: ko, ko, ko. Fundi aliyepelekewa alifanya walichozoea kufanya wengi. Alikizima na kukiwasha mara kadhaa, halafu akaifuta diski na kuweka Windows upya. Kipakatalishi kikarudi kikiwa chepesi kama kipya, na bila hata rekodi moja. Msemaji aliyesikika katika rekodi mbili bora zaidi alikuwa amekwisha kufariki. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kusemewa.

Tasnifu ilikamilika, tena ilikamilika vizuri. Ipo maktabani, na nyuma yake mna kiambatisho chenye vifungu vya kumuse vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili. Basi hasara iko wapi? Swali hili niliulizwa na mhadhiri ninayemheshimu sana, nami naona linastahili jibu la kitaaluma.

Sisi hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba fasihi simulizi ni utendaji. Ruth Finnegan alilisisitiza jambo hilo mwaka wa 1970 katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, na Isidore Okpewho akalirudia kwa kina mwaka wa 1992. Mhadhara hauishi bila mtu kutukumbusha kuwa maneno yaliyoandikwa ni sehemu tu ya tukio. Kwamba kuna sauti, kimya, mwendo, hadhira na mahali. Sasa itazame kumuse kwa jicho hilo. Msemaji hutembea uwanjani, huenda na kurudi mbele ya watu walioketi kimya. Hutaja koo, hutaja njia walizopitia wahenga, huonya, huvuta pumzi, hunyamaza. Kimya chake hakimo katika kiambatisho. Methali aliyoitamka kwa Lubukusu imegeuka kuwa methali ya Kiswahili iliyo karibu nayo, na msomaji hana njia ya kujua ukaribu huo ni wa kiasi gani. Vifungu vyenyewe vilichaguliwa kwa sababu viliunga mkono hoja za sura ya nne. Visivyounga mkono hoja yoyote vilibaki kwenye diski. Mtafiti wa kesho atakayekuja na swali jipya hana pa kurejelea.

Kwa hivyo tunafundisha utendaji lakini tunahifadhi matini. Huo ni mgongano wa mawazo, na sioni kwa nini tuuvumilie.

Huenda msomaji akadhani kwamba diski ikishagonga basi hapana la kufanya. Si kweli, na hapa sina budi kueleza kidogo ufundi wenyewe, maana ndipo rekodi nyingi hupotea bila sababu. Diski kuu ya aina ya zamani, ambayo bado imo katika vipakatalishi vingi vya mitumba tunavyonunua, ni sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika, na kichwa hicho huelea karibu mno na sahani bila kuigusa. Mtikiso wa barabara wakati mashine haijazimwa sawasawa, au umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, vyaweza kukidhuru kichwa au kuharibu sehemu za sahani. Sehemu chache zikiharibika, diski huwa nzito kwa sababu inajaribu kusoma mahali pale pale tena na tena. Kichwa chenyewe kikiharibika, ndipo husikika kule kugonga.

Kati ya uzito na kifo kuna muda, na muda huo ndio wa kuokolea. Jambo la kwanza ni kuacha kuitumia diski hiyo. Kila dakika inayozunguka inajimaliza, na kila faili mpya inayoandikwa yaweza kukalia mahali pa faili ya zamani. Usiweke programu ya uokoaji ndani ya diski unayotaka kuiokoa. Usiiendeshe ile programu ya Windows iitwayo CHKDSK ukidhani inatibu, kwani inapoamriwa kurekebisha makosa huandika juu ya diski, na mgonjwa wa aina hii hahitaji kuandikwa. Ushauri wa kuitia diski kwenye friji, ambao bado husikika vijiweni, uachwe kabisa; unyevu utakaoganda juu ya sahani utamaliza kilichobaki.

Kinachopasa kufanywa ni kuitoa diski, kuiunganisha na mashine nyingine iliyo nzima, na kuchukua nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, hadi kwenye diski nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Programu inayofaa zaidi kwa kazi hiyo ni ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz, na haiuzwi. Ubora wake ni kwamba ina subira ya namna ya pekee. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziruka zile zinazokwama, kisha huzirudia zilizokwama ikiwa imekwisha kuweka salama kilicho rahisi. Programu ya kawaida ya kunakili hufanya kinyume: hukwama penye ubovu wa kwanza, na diski hufia hapo hapo. Zaidi ya hayo, ddrescue huweka daftari la mahali ilipofikia. Umeme ukikatika Kitale saa nane usiku, asubuhi inaendelea pale ilipoachia. Atakaye kuitumia asome mara mbili jina la diski chanzo na la diski pokezi kabla ya kubonyeza, maana akizigeuza ataandika utupu juu ya kila kitu.

Nakala ikishapatikana, diski mgonjwa huwekwa kando na kazi yote hufanywa juu ya nakala. Hapo ndipo programu kama TestDisk na PhotoRec, zote mbili za Christophe Grenier na zote mbili za bure, huingia kazini. Ya kwanza hujaribu kurejesha mpangilio wa diski pamoja na majina ya faili. Ya pili haijali mpangilio. Hupekua diski ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili, na hutoa chochote inachokitambua, iwe sauti, picha au maandishi. Hata diski iliyofutwa kwa njia ya haraka huweza kutoa kitu, kwa kuwa ufutaji huo husafisha orodha tu na kuacha yaliyomo. Ufutaji kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri kila mahali, na hapo hakuna msamaha. Fundi wa mwenzetu alifuta kwa njia gani hatutajua. Lililo wazi ni kwamba Windows mpya iliandikwa juu ya kilichokuwapo. Ikiwa diski inagonga tangu inapowashwa, hata ddrescue isijaribiwe. Hiyo ni kazi ya maabara isiyo na vumbi, gharama yake ni kubwa, na mwenye diski aamue kama kilichomo kinaistahili. Nazo diski za kisasa zisizo na sahani zina tabia nyingine: hazigongi, na aghalabu huzima tu siku moja bila kuonya, na kilichofutwa humo mara nyingi hakirudi.

Nimelikawilia jambo la PhotoRec kwa makusudi, kwani linatuhusu sisi wa fasihi kuliko linavyomhusu fundi. Programu hiyo hurejesha faili bila majina yake. Unapata mamia ya sauti zilizopewa herufi moja na tarakimu kadhaa. Jina la mzee, kijiji, tarehe na tukio vilikuwa katika jina la faili au katika jina la folda, na vyote vimepotea. Sauti imefufuka, lakini ni sauti ya nani? Wanafilolojia wa Kiswahili wanaifahamu vyema adha hii. Tuna tenzi zisizo na watunzi, na mashairi ambayo watafiti wamebishana miaka mingi ni ya nani, kwa sababu tu mnakili mmoja hakuandika jina pembeni. Nasi leo tunazalisha matini nyingine za watunzi wasiojulikana, tena katika zama ambazo kuandika jina hakugharimu hata tone la wino.

Dawa yake ni nyepesi mno. Kabla ya mzee kuanza, mtafiti aseme mwenyewe ndani ya rekodi: leo ni tarehe fulani, tuko mahali fulani, anayezungumza ni mzee fulani wa ukoo fulani, nami naitwa fulani, na mzee ameridhia kurekodiwa. Katika matanga, ambako mtafiti hawezi kumtangulia msemaji, maneno hayo ayaseme kando kabla au baada ya hotuba. Nusu dakika yatosha. Sauti yoyote itakayookolewa kutoka kwenye diski yoyote itakuja na cheti chake cha kuzaliwa. Ningependa kuona sharti hili likiingizwa katika kila pendekezo la utafiti wa nyanjani linalopitishwa katika idara ya Kiswahili, kama tunavyodai mada, madhumuni na misingi ya nadharia.

Wazee wetu wa taaluma walilielewa jambo hili bila tarakilishi. Muyaka bin Haji alitunga Mombasa katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, na mengi ya mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu. Tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor, na hati za Taylor zikahifadhiwa katika Chuo cha SOAS, London. William Hichens akachapisha diwani mwaka wa 1940. Mohamed H. Abdulaziz alipochapisha uchunguzi wake kuhusu Muyaka mwaka wa 1979, palikuwa na kitu cha kurejelea na kukiuliza maswali ambayo Taylor hakuyafikiria. Tuweke kando uchungu wa kwamba hati hizo zilihamia Ulaya. Uchungu huo ni wa haki na una makala yake. Nasisitiza tu kwamba kumbukumbu ilitoka kinywani ikaingia mahali pa pili, kisha pa tatu, kabla pa kwanza hapajafa.

Hata Kitale penyewe pana mfano, ingawa wanafunzi wengi hupita nje yake bila kuingia. Makumbusho ya Kitale yalianza mwaka wa 1926 kama mkusanyo wa mtu binafsi, mlowezi Mwingereza Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vifaa vya utamaduni. Mtu huyo hakuwa rafiki wa hoja zetu za ukombozi, na namna walowezi walivyokusanya vitu vya watu yahitaji kuhojiwa. Lakini kabla ya kufariki mwaka wa 1966 aliuandalia mkusanyo wake mahali pa kubaki, na mwaka wa 1974 jengo jipya likafunguliwa kwa umma. Vipepeo vya mlowezi vilipata wasia. Sauti za wasemaji wa Bungoma, zilizorekodiwa kwa simu zenye uwezo ambao Stoneham asingeuota, hazina wasia wowote.

Kwa nini basi idara hazidai rekodi hizo? Hati ya utafiti ya NACOSTI hutaka nakala ya ripoti ya mwisho. Maktaba hutaka tasnifu iliyojalidiwa. Shule ya uzamili hutaka makala iliyochapishwa. Katika mlolongo huo wote, sijaona mahali ambapo mwanafunzi wa fasihi simulizi anaulizwa: sauti ziko wapi? Anaruhusiwa kuhitimu akiwa na ushahidi wake wote ndani ya mfuko mmoja wa mgongoni.

Kisingizio cha gharama hakisimami. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa kiwango cha diski za muziki, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, mikondo miwili, huchukua takriban megabaiti 635. Saa mia moja hazifiki gigabaiti 64. Diski ya nje ya terabaiti 1 yaweza kubeba rekodi za wanafunzi 15 wa aina hiyo, nayo hutoshea katika droo ya meza ya mwenyekiti wa idara. Wapiga picha wana kanuni ambayo Peter Krogh aliieneza: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali. Kwetu hilo lamaanisha moja katika kipakatalishi, moja katika diski ya nje nyumbani Kitale, na moja idarani, tuseme Chuo Kikuu cha Kibabii pale Bungoma. Radi itakayoipiga nyumba ya Kitale haitaipiga Kibabii siku hiyo hiyo, na mwizi wa mfuko katika matatu hatabeba zote tatu.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la siri na haki. Kumuse hutaja watu kwa majina. Hufichua ugomvi wa mashamba, huwalaumu walio hai, na mengine husemwa kwa kuwa waliopo ndio wanaostahili kuyasikia. Kuna atakayesema kwamba heri sauti hiyo ife kuliko kuzagaa. Naiheshimu hoja hii, lakini inanielekeza kwenye hitimisho tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye kushika taarifa za watu azilinde, na Sheria ya Kulinda Maarifa Asilia na Tanzu za Kitamaduni ya 2016 inazitambua jamii kuwa na haki juu ya sanaa zao. Anayeihofia siri ya mzee ajiulize ni wapi panapoihatarisha zaidi: kabati la idara lenye ufunguo na masharti yaliyoandikwa, au kibanda cha fundi asiyemjua, ambako diski huachwa mezani kwa wiki mbili pamoja na diski za watu wengine, bila hata risiti. Faili nyeti zaweza kufungwa kwa nywila, na masharti ya nani asikilize, na lini, yaweza kuandikwa siku ile ile mzee anapotoa ridhaa.

Tena yuko mlinzi mmoja ambaye hatumtaji katika mapendekezo yetu, naye ni jamaa ya mzee. Tunarekodi, tunashukuru, tunaondoka, na mara nyingi familia haisikii tena habari za rekodi hiyo. Wenyewe hatuna haja ya kuwafundisha thamani yake. Mjukuu aliye Nairobi au Dubai ataisikiliza sauti ya babu yake mara nyingi kuliko mtahini wa nje atakavyoisoma tasnifu. Flashi ya gigabaiti 8 inatosha kwa hotuba moja na mazungumzo yote yaliyoizunguka. Mtafiti aiache nyumbani Kimilili kabla ya kurudi Kitale, mkononi mwa mtoto mkubwa wa marehemu, na jina la mzee likiwa limeandikwa juu yake kwa kalamu isiyofutika.